Droo ya tenisi ya wanawake na maneno ya pembeni mwa uwanja

Michuano mikubwa ya wanawake ikianza kuonyeshwa, hapa Tanga, kwenye baraza za kahawa Ngamiani na mabenchi ya uwanjani Raskazone, hurudi kauli ileile: "Namba moja kapangiwa vibonde." Baadaye wazazi huihamishia kwenye mashindano ya watoto: "Binti yangu kakutanishwa na namba moja raundi ya kwanza, hawampendi." Kauli hii inadhuru. Mtoto aliyeambiwa hivyo na mama yake akiwa anapasha misuli huingia uwanjani ameshafungwa. Kwa hiyo tuanze na hili, tena kwa kirefu.

Dhana: Droo hupangwa ili namba moja apite kirahisi

Chukua daftari, chora mistari 32, ipe namba kutoka juu. Hiyo ndiyo droo, yaani karatasi ya nani anakutana na nani, ya mchezaji mmoja mmoja katika michuano ya ngazi ya 250 ya WTA, chama cha tenisi ya wanawake, kama ile ya Rabat, Morocco. Kati ya wachezaji 32, wanane tu, wale bora, ndio hupewa namba za upangaji ili wasikutane mapema. Namba 1 hukaa mstari wa 1, namba 2 mstari wa 32, na hao hawapigiwi kura. Namba 3 na 4 hupigiwa kura: mmoja aende mstari wa 9, mwenzake wa 24. Namba 5 hadi 8 nao hupigiwa kura kwenye mistari ya 8, 16, 17 na 25. Upangaji unaishia hapo. Wale 24 waliobaki hutolewa kwa kura mmoja mmoja na kujaza nafasi tupu, juu kwenda chini. Wanaotoka kwenye mchujo, yaani mechi za awali za kutafuta nafasi, huachiwa nafasi, kisha hupigiwa kura yao mchujo ukiisha.

Sasa tazama daftari lako. Namba 1 hawezi kukutana na namba 2 kabla ya fainali, wala na 3 au 4 kabla ya nusu fainali, wala na 5 hadi 8 kabla ya robo fainali. Kinga yake yote ni hiyo. Mchezaji wa tisa kwa ubora, aliyekosa namba kwa tofauti ya pointi chache, anaweza kuangukia mstari wa 2 sawasawa na yule dhaifu kuliko wote: nafasi yao ni moja kati ya 24. US Open ya 2019, yenye wachezaji 128, 32 kati yao wakiwa na namba, ilimkutanisha Serena Williams, namba 8, na Maria Sharapova raundi ya kwanza kabisa, kwa sababu Sharapova hakuwa na namba. Serena alishinda 6–1, 6–1.

Namba inatokana na pointi zilizokusanywa mwaka mzima. Haisemi lolote kuhusu bega la mtu asubuhi ya leo. Emma Raducanu alikuwa wa 150 duniani alipoingia US Open ya 2021 kupitia mchujo. Alicheza mechi kumi, tatu za mchujo na saba za droo kuu, akatwaa kombe bila kupoteza seti. Markéta Vondroušová alimfunga Ons Jabeur wa Tunisia kwenye fainali ya Wimbledon 2023 bila kuwa na namba ya upangaji.

Na tafadhali, namba ya upangaji ni ya michuano hiyo tu. Namba 1 wa michuano midogo anaweza kuwa wa 20 au wa 30 duniani, kwa sababu wakubwa hawakuja wiki hiyo. Kusema "namba moja wa dunia kafungwa na mtoto" kwa sababu umeona 1 kando ya jina ni kusoma karatasi vibaya.

Shaka nyingine huzuka nafasi ya namba 3 inapokaliwa ghafla na mtu asiyejulikana. Mwenye nafasi amejitoa baada ya ratiba ya siku ya kwanza kutoka, na nafasi yake imepewa mmoja wa waliofungwa raundi ya mwisho ya mchujo. Coco Gauff aliingia hivyo Linz mwaka 2019, akiwa na miaka 15, akabeba kombe.

Ushauri kwa mzazi: chapa droo, mpe mtoto penseli, ajaze washindi mwenyewe kila siku. Akifanya hivyo michuano miwili hatauliza tena nani anamchukia.

Dhana: Kafika fainali halafu kashushwa, kaonewa

Pointi za orodha ya ubora duniani huishi wiki 52. Aliyetwaa taji la mojawapo ya michuano minne mikubwa alipata 2000. Akifika fainali mwaka unaofuata akafungwa, anapata 1300, na zile 2000 zinaondoka. Amepungukiwa 700, na hakuna aliyemwonea.

Dhana: Wanawake hucheza seti tatu kwa sababu tano hawaziwezi

Fainali ya michuano ya kufunga msimu ya wanawake ilichezwa kwa mtindo wa seti tano tangu 1984 hadi 1998. Mwaka 1990 Monica Seles na Gabriela Sabatini walizimaliza zote tano. Idadi ya seti huamuliwa na waandaaji.

Dhana: Ushindi wa mezani ni sawa na mpinzani kuacha katikati

Asipotokea kabisa, mechi haikuchezwa na hakuna matokeo ya seti. Akiacha katikati, matokeo huandikwa yalipofikia. Wote wawili wanaosonga mbele wamesonga kihalali.

Dhana: Neti ya wanawake iko chini

Hii imetoka kwenye voliboli. Tenisi ina neti moja kwa wote: sentimita 91.4 katikati, mita 1.07 kwenye nguzo. Kosa lililopo kwenye viwanja vyetu ni lingine. Neti ya wawili wawili inaachwa kama ilivyo kwa mechi ya mmoja mmoja, na nguzo ziko mbali, hivyo juu ya mstari wa pembeni neti inakuwa chini kuliko inavyotakiwa. Msichana anazoea kupiga mpira wa pembeni ukapita, akienda kwenye uwanja uliopimwa unagonga neti. Kata fito mbili za mita 1.07, zilizonyooka, zisizozidi unene wa sentimita 7.5. Simamisha kila moja chini ya neti, sentimita 91.4 nje ya mstari wa mmoja mmoja, kisha pima katikati upya, maana fito zikiinua neti, urefu wa katikati unaweza kubadilika.