Jakaranda si flamboyanti ya buluu

Hapa Lubumbashi wengi huamini, tangu zamani, kwamba jakaranda na flamboyanti ni mti mmoja wenye maua ya rangi mbili, na Kifaransa nacho kimelikuza kosa hilo kwa kuiita jakaranda flamboyanti ya buluu. Kosa lenyewe linaeleweka, maana majani ya miti yote miwili yamegawanyika mara mbili hadi kuwa vijani vidogo sana. Lakini miti hii haina undugu wa karibu: jakaranda asili yake ni Amerika ya Kusini, upande wa Argentina na Bolivia, ilhali flamboyanti ni ya Madagaska, tena ni jamaa ya maharagwe.

Okota ua lililoanguka. La jakaranda ni kengele ndogo ya zambarau, mwili wake umeungana. La flamboyanti lina petali tano zilizoachana, nyekundu, isipokuwa moja iliyosimama yenye weupe na madoadoa. Jakaranda huchanua kabla ya mvua, mwezi wa tisa na wa kumi, mara nyingi matawi yakiwa hayana majani. Flamboyanti hufuata baadaye.

Maua yakiisha, tazama matunda, ambayo kwangu ndiyo ushahidi usiopingika. Jakaranda huzaa kibweta bapa cha mviringo, kigumu kama ubao, ambacho hupasuka na kuachia mbegu zenye mabawa mepesi. Flamboyanti huning'iniza maganda marefu ya sentimita 30 hadi 60, ambayo watoto huyatikisa kama kayamba.