Kabla hujang'oa kapasita zote

Juzi nimeletewa tena amplifaya ya mtumba, ya miaka ya 1970, upande wa kushoto kimya. Mwenyewe alikuwa ameshabadilisha kapasita zote, vile vipande vya kuhifadhi chaji ya umeme. Alipozing'oa aliambua njia za shaba mahali patatu, na moja aliirudisha chanya kwenye hasi, nashukuru haikupasuka. Ugonjwa ulikuwa swichi ya tepu, ile ya kusikiliza kutoka mashine ya kaseti. Niliibonyeza na kuiachia mara kumi, sauti ikarudi.

Nimechoka na kauli kwamba redio ikiwa kuukuu, basi kapasita zimekufa. Ni kweli kapasita za elektroliti, zenye kimiminika ndani, hukauka, uwezo wa kuhifadhi chaji ukapungua na ukinzani wa ndani ukapanda. Lakini haifi bila dalili. Zile kubwa za pawa zikichoka, spika zote mbili huunguruma: mvumo mzito wa hezi 100 kwa umeme wa hezi 50, na kupunguza volyumu hakuuondoi. Upande mmoja ukikatika kisha ukarudi unapogusa kitufe, huo ni uchafu kwenye kontakti, yaani vyuma vinavyogusana ndani ya swichi. Ukirudi unapoongeza sauti ghafla, shuku relei ya spika, swichi inayojiwasha kuunganisha spika. Kwa nini uanze na bodi yenye kapasita, wakati swichi, volyumu na balansi zimekaa miaka bila kuguswa?

Badilishana waya za spika kwanza. Spika ileile ikibaki kimya, mbovu ni spika au waya wake. Kimya kikihamia ya pili, rudi kwenye amplifaya. Safisha kwa dawa ya kontakti, si mafuta ya bawaba, halafu zungusha volyumu mwanzo hadi mwisho mara nyingi. Kontakti za relei usizipige msasa, utakwangua fedha iliyopakwa juu. Pitisha ukanda wa karatasi ngumu uliolowa dawa. Na kabla hujaingiza mkono, chomoa umeme na upime volti za kapasita kubwa.

Kuwasha mara ya kwanza: unganisha balbu ya nyuzi ya wati 60 kwa mfululizo kwenye waya wa umeme unaoingia. Ikiwaka kisha ikafifia, endelea. Ikibaki kali, kuna shoti, zima. Spika zikiwa zimechomolewa, pima volti za DC (umeme wa mkondo mmoja) kwenye vituo vya kuunganishia spika. Makumi machache ya milivolti ni sawa, volti nzima si sawa. Fyuzi usiiongeze ukubwa, kamwe.

Ipo sehemu ambayo bado moyo wangu umegawanyika. Kapasita ya miaka 45 inayopima vizuri, niiache? Kubwa huziacha. Ndogo zilizo jirani na hitsinki, lile bamba la kutoa joto, huzibadilisha hata zikipima vizuri, kwa kuwa joto huzikausha. Wapo mafundi ninaowaheshimu wasiokubali, na nimewahi kuacha kapasita nzima kwenye mita, mashine ikarudi mezani baada ya miezi michache inaunguruma.

Ile ya juzi nimeigeuza kapasita yake, nikaziunga njia tatu za shaba kwa waya mwembamba. Swichi ilinichukua dakika mbili. Njia za shaba, mchana kutwa.