"Simu Imejaa na Mimi Sijaweka Kitu": Dhana Potofu Kuhusu Wingi wa Data

Nina meza ya ufundi simu karibu na stendi ya Moshi. Juzi alikuja mama mmoja kutoka Kibosho. "Mwanangu, simu inasema imejaa, na mimi sijaweka kitu." Alikuwa anasema kweli. Nikaanza kumweleza, na wateja waliokuwa wakisubiri wakadakia, kila mmoja na jibu lake.

"Data si ni bando?"
Hapana. Bando ni nauli, data ni mzigo wenyewe. Bando likiisha, picha zako zinabaki palepale.

"Data zimeongezeka kwa sababu watu tumeongezeka"
Hesabu haikubali. Mwaka 2010 dunia ilikuwa na watu karibu bilioni 7, na mwaka 2020 kama bilioni 7.8. Katika miaka hiyohiyo, kwa makadirio ya kampuni ya utafiti ya IDC, data zinazozalishwa na kunakiliwa kwa mwaka zilipanda kutoka zetabaiti 2 hivi hadi zaidi ya 64. Zetabaiti moja ni terabaiti bilioni moja, na terabaiti moja ni megabaiti milioni moja.

Kilichobadilika hasa ni bei ya kuhifadhi. Mwaka 1956 IBM ilitoa RAMAC, mashine ya diski 50 yenye uzito wa tani moja hivi, nayo ilibeba kama megabaiti 5 tu. Leo picha moja ya kamera ya simu inaweza kufika hapo, na maandishi matupu ya Biblia nzima hukaa humohumo. Memori kadi ninayouza ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Enzi za filamu, mpiga picha wa harusi alikuwa na picha 36 kwa rola, kwa hiyo alimsubiri bi harusi atulie. Siku hizi ndafu akiingizwa ukumbini, simu zinanyanyuka meza zote, nyingi zinachukua video, na dakika moja ya video safi hula megabaiti mia hivi.

"Ni vijana na selfi zao"
Tunawaonea. Mashine zinaandika hata mtu asipobofya chochote. Mashine za risiti za EFD, zilizoanza kutumika nchini mwaka 2010, hupeleka taarifa za mauzo kwa mamlaka ya mapato, TRA. Ukituma pesa kwa simu, kumbukumbu inabaki kwako, kwa mpokeaji na kwa mtandao. Kipimo kimoja cha CT scan pale hospitali ya KCMC kinaweza kutoa mamia ya picha, wakati eksirei ya zamani ilikuwa filamu moja ya kuinuliwa dirishani. Data za namna hiyo naziombea ziongezeke.

"Data nyingi, maarifa mengi"
Hili ndilo linaloniuma. IDC hiyohiyo imekadiria kwamba kwa kila data mpya moja kuna nakala kama tisa. Kwenye simu ya yule mama kulikuwa na kundi la vikoba, la jumuiya, la ukoo na la kamati ya harusi. Picha moja ya "asubuhi njema" ilikuwa imeingia kupitia yote manne, na simu ilikuwa ikipakua yenyewe.

Nikazima upakuaji huo, tukaanza kufuta, nikimwonyesha kabla ya kubonyeza. Alinishika mkono mara moja tu, tulipofikia ujumbe wa sauti wa marehemu mumewe. Sekunde arobaini, haufiki hata megabaiti moja. Huo nikaunakili mara mbili: kwenye memori kadi, na kwenye simu ya binti yake.