Hisa za Gawio: Kukaa Nazo Miaka Mingi Bila Kuzisahau

Msimu wa mikutano mikuu ya wanahisa ukikaribia, swali tunaloulizwa kuliko yote ni hili: kampuni gani inatoa gawio nono, yaani sehemu ya faida wanayogawiwa wanahisa, mwaka huu? Kwa anayetaka kukaa na hisa miaka kumi au ishirini, swali hilo halimfikishi mbali. Aulize kwanza gawio hilo linatoka wapi, na kama chanzo chake kitadumu.

Chukua Benki ya CRDB, iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE) mwaka 2009 baada ya kuuza hisa kwa umma kwa Sh150 kila moja. Kwa mwaka 2015 ililipa gawio la Sh17 kwa hisa. Kwa 2016 likashuka hadi Sh10, na kwa 2017 likawa Sh5 tu. Mikopo chechefu, ile ambayo wakopaji hawairejeshi inavyotakiwa, ilikuwa imeila faida, na baadaye bei sokoni nayo ikateremka chini ya ile 150 ya mwanzo. Aliyevumilia alipata Sh8 kwa 2018, Sh17 kwa 2019, kisha 22, 36, 45, 50, hadi Sh65 kwa mwaka 2024. Kwa aliyenunua kwa Sh150, gawio hilo la mwaka mmoja linazidi asilimia 40 ya bei aliyolipa, kabla ya kodi.

Mfano huu si pendekezo la kununua, wala si ushahidi kwamba kila hisa iliyoanguka itainuka. Swissport Tanzania, inayohudumia ndege viwanjani, ilizoeleka kwa gawio zuri miaka mingi. UVIKO-19 ilipozuia safari mwaka 2020, mapato yake yalianguka. Kwa hiyo uvumilivu lazima uwe na sababu. Aliyebaki na hisa za CRDB kwa kuwa alisoma hesabu za benki hiyo na kuona biashara ya msingi bado ipo, alifanya uamuzi. Aliyebaki kwa kuwa hakukumbuka kama ana hisa, alibahatika tu.

Hesabu zenyewe hazihitaji uhasibu. Tafuta faida kwa kila hisa, kisha linganisha na gawio. Kampuni iliyopata Sh100 kwa hisa ikagawa 40, imebakiza 60 za kukuza biashara na kustahimili mwaka mbaya. Ikigawa 95, faida ikiyumba kidogo gawio litaguswa. Ikigawa 120, inachota akiba ya nyuma au inakopa, na hapo uliza maswali mkutanoni. Jihadhari pia na gawio linaloonekana kubwa kwa asilimia kwa sababu bei ya hisa imeporomoka: huenda soko limeshaona jambo ambalo ripoti ya mwaka haijalitaja.

Kila mwaka wapo wanaokimbilia kununua siku chache kabla ya daftari la wanahisa kufungwa, yaani siku inayoamua nani atalipwa gawio, walivune kisha wauze. Bei kwa kawaida hushuka baada ya hapo, na muamala mdogo hugharimu takribani asilimia 2 kwa ada ya dalali, anayekununulia na kukuuzia hisa sokoni, na tozo nyingine, wakati wa kununua na tena wakati wa kuuza. Madalali watanisamehe, lakini anayeingia na kutoka kila msimu anawafanyia kazi wao.

Kodi ya zuio kwa gawio la kampuni iliyoorodheshwa DSE ni asilimia 5, nayo hukatwa kabla fedha hazijakufikia. Mwenye hisa 1,000 zilizolipwa Sh65 kila moja anapokea Sh61,750. Kiasi hicho kikiliwa sikukuu, idadi ya hisa inabaki ileile. Kikinunua hisa nyingine, mwakani gawio litahesabiwa kwa hisa nyingi zaidi. Si lazima ununue za kampuni ileile. Mwenye CRDB na NMB, kwa mfano, anamiliki kampuni mbili lakini sekta moja, na mikopo ikiharibika nchini zote zinaweza kuumia pamoja. Saruji, bia, sigara na mawasiliano navyo vipo sokoni, na hatifungani za Serikali, yaani kuikopesha Serikali kwa riba, zinafaa kwa fedha usiyotaka iyumbe.

Kuuza kunaruhusiwa. Uza ikiwa biashara imebadilika, ikiwa madeni yanakua kuliko mapato, au ikiwa hisa moja imevimba hadi kuwa karibu mali yako yote. Anza mapema, maana kwa baadhi ya kampuni za DSE wanunuzi ni wachache na oda inaweza kukaa siku nyingi.

Linalotuumiza kichwa zaidi ofisini, hata hivyo, ni kumbukumbu. Mtu alinunua hisa zamani, akahama, akafunga akaunti ya benki na kubadili namba ya simu. Gawio linatoka kila mwaka bila kumfikia. Nenda kwa dalali wako na kitambulisho, hakikisha taarifa zilizo kwenye akaunti yako ya CDS, inayotunza kumbukumbu za hisa zako kielektroniki, ni za sasa, na uliza kama kuna gawio la nyuma ambalo hukulichukua. Kisha mwambie mwenza wako au mtoto mkubwa kwamba hisa zipo, na umwoneshe stakabadhi zilipo. Ukifariki, msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ndiye atakayeomba zihamishiwe kwa warithi, na hawezi kuorodhesha mali asiyoijua.