Emo ni nani, na kwa nini kucha nyeusi zinatutia hofu

Dada yangu alinipigia simu saa moja asubuhi kwa sauti ya chini, kama mtu aliye matangani. "Mtoto wako amekuwa emo," akasema. Mtoto mwenyewe ni wake. Ila kwetu msichana akipita mtihani ni wa mamake, akipaka kucha rangi nyeusi ni wa anti yake. Nikamuuliza emo ni nini. Akafikiri kidogo. "Si wale wanaojikata?"

Mashtaka yalikuwa haya: mtoto wa kidato cha tatu, yuko nyumbani kwa likizo ya Agosti, kucha nyeusi, rasta za kusuka zimeachwa zikaangukia jicho moja, fulana nyeusi yenye picha ya fuvu. Na hudi. Hudi, Kisumu, saa nane mchana! Hilo la mwisho nami lilinitia wasiwasi kidogo, nakiri.

Neno lenyewe ni kipande cha neno la Kiingereza lenye maana ya hisia. Lilianza kusikika katikati ya miaka ya 1980 mjini Washington, Marekani. Huko bendi za panki kama Rites of Spring zilichukua muziki wa kelele na hasira, zikautia upweke, majuto na mapenzi yaliyovunjika. Wanamuziki wengi hawakulipenda jina hilo; walibandikwa tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 muziki wa namna hiyo ukaingia redioni na kwenye mtandao wa MySpace, ukaja na mavazi yake: suruali za kubana, nywele usoni, wanja machoni kwa wasichana na wavulana. Hata My Chemical Romance, bendi ambayo wengi huitaja kwanza wakisikia emo, imelikana jina hilo. (Na kuhusu wanja, mtu yeyote aliyewahi kuhudhuria harusi ya Mombasa atashangaa kuambiwa ni dalili ya ugonjwa.)

Kwa hiyo emo ni kile ambacho wasomi wa jamii hukiita utamaduni mdogo: kundi lililo ndani ya jamii kubwa, lenye muziki wake, mavazi yake, maneno yake na mzaha wake ambao mgeni hauelewi. Kisumu tunayo mengi. Kuna vijana wa nganya wanaojua kila matatu kwa jina na kwa sauti ya honi. Kuna marasta, kuna wanaochora katuni za Kijapani kwenye majalada ya madaftari. Marehemu baba yetu, mzee wa kanisa huyo, ana picha ya miaka ya 1970 akiwa ndani ya bugaluu inayofagia sakafu na viatu vya raizoni, nywele zimetanda kama mwavuli. Nyanya alikuwa akisema siku zile aliomba hadi magoti yakachubuka.

Kinachotusumbua ni jambo lingine, nalo ni ile dhana tunayombandika mtu kabla hajafungua mdomo. Methali tunayo: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Lakini nenda Dunga asubuhi uwatazame akina mama wanaonunua samaki. Hakuna hata mmoja anayenunua kwa methali. Humshika ngege mmoja mmoja, humfunua mashavu aone kama bado ni mekundu, humbonyeza tumbo, humtazama jicho. Samaki tunawapa heshima hiyo. Kijana tunamsoma kwa fulana.

Na fulana yenyewe, tuulize ilitoka wapi. Jumapili ile nilikwenda na mshtakiwa Kibuye. Pale kwenye mitumba, muuzaji amesimama juu ya rundo lake anaimba "chagua mia, beba mia," na katika rundo hilo kuna fulana ya kwaya ya kanisa la Marekani, ya timu ya mpira ambayo hakuna anayeijua, na nyeusi tatu za bendi za roki. Nikamwuliza mpwa wangu kama anazijua bendi hizo. Moja alikuwa amesikia nyimbo zake mbili. "Hizo zingine je?" "Anti, nyeusi haionyeshi uchafu." Karibu yetu mzee wa makamo alikuwa akipima fulana yenye mafuvu manne na moto, ya kuvaa shambani. Yeye hakuna aliyemwita emo.

Hofu hii ina historia. Mwanasosholojia Stanley Cohen alieleza mwaka 1972 jinsi jamii yenye wasiwasi hutafuta kundi la vijana la kubebeshwa wasiwasi huo, magazeti yakakoleza, wakubwa wakatoa matamko. Yeye alikuwa akiangalia ugomvi wa vijana kwenye fukwe za Uingereza mwaka 1964. Mwaka 2008 ikawa zamu ya emo huko huko: msichana wa miaka 13 alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, muziki aliosikiliza ukalaumiwa, na mashabiki wakaandamana London kusema kwamba muziki huo ndio uliokuwa ukiwasaidia kubeba siku. Kwetu hofu ilichukua sura ya dini. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, ichunguze ibada za shetani nchini. Waliokuwa shuleni miaka hiyo mnakumbuka: pete yoyote, fuvu lolote, muziki wowote wa gitaa kali ulikuwa ushahidi. Wengi wetu ndio wazazi wa leo, na macho yetu bado ni yale yale.

Je, basi hakuna ukweli wowote katika wasiwasi wa dada yangu? Upo, na singependa kuuficha. Mwaka 2006 watafiti walichapisha matokeo ya kufuatilia vijana 1,258 katika eneo la Glasgow, Uskoti. Walikuta kwamba wale wachache waliojihesabu kwa dhati kuwa wagothi, kundi la mavazi meusi lililo jirani na emo, walikuwa wamejidhuru kwa kiwango kikubwa kuliko wenzao. Lakini walikuwa wachache sana, vijana 25 tu hivi, na watafiti wenyewe waliona kwamba huenda kijana aliyekwisha kuumia ndiye anayelitafuta kundi ambalo maumivu hayachekwi. Ukimvua fulana hiyo umemwondolea marafiki, na maumivu umemwachia.

Sasa piga hesabu. Shirika la Afya Duniani linasema kijana mmoja kati ya saba wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Chukua darasa la wanafunzi 49. Hao ni saba. Katika darasa la mpwa wangu, mwenye kucha nyeusi ni yeye peke yake, tena wakati wa likizo tu. Hata kama yeye ni mmoja wao, sita waliobaki wamechomekea shati, wamefunga tai, mmoja pengine ni kiranja. Hao hakuna anayempigia anti simu saa moja asubuhi kwa ajili yao.

Kinachofaa kutazamwa ni mabadiliko, hasa yakidumu wiki mbili na zaidi. Usingizi umepotea, au analala mchana kutwa. Chakula anakisukuma tu kwenye sahani. Alikuwa hakosi mazoezi ya mpira, sasa haulizi hata matokeo. Amewaacha marafiki, wakiwemo hao wa mavazi meusi. Anagawa vitu anavyovipenda, au anasema mngekuwa na nafuu asipokuwepo. Kwa wavulana mara nyingi huzuni huvaa hasira, nasi tunaichapa. Ukisikia maneno ya kutotaka kuishi, muulize waziwazi. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo, humwonyesha kuwa linaweza kusemwa. Nambari 116 ya simu ya watoto na 1199 ya Msalaba Mwekundu ni za bure.

Kusema si rahisi, najua. Hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba, Mkenya aliyejaribu kujiua na kunusurika alikuwa mhalifu kisheria. Nani angemtaja mtoto wake?

Nilimwambia dada yangu aachane na kucha, amuulize mtoto anavyolala. Alinipigia baada ya siku tatu.

"Nimemuuliza."

"Akasemaje?"

"Analala vizuri. Kucha ni kucha tu, anasema." Nikasikia sufuria ikiwekwa chini. "Halafu akaniuliza, 'Na wewe, mama, unalala?'"

"Ukamjibuje?"

Redio ya jikoni ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo. Dada yangu aliipunguza sauti, akavuta kiti.