Taka ya Nairobi, Kiambu, Machakos na Kajiado: tunayoambiana mtaani na ukweli wenyewe

Tuanze na ile nasikia kila mahali: "Taka ni kazi ya NEMA," yaani ile mamlaka ya taifa ya mazingira. Hapana. Katiba ya 2010, Ratiba ya Nne, imeweka uzoaji wa taka, madampo na utupaji wa taka ngumu chini ya huduma za afya za kaunti, yaani iko fungu moja na zahanati, ambulensi na leseni za wanaouza chakula. NEMA inapeana leseni kwa malori ya taka na kwa madampo, inakagua, inashtaki, lakini haina lori ya kukuja kwako Kayole. Rundo likikaa hapo nje mpaka linanuka, wa kuulizwa ni kaunti.

"Sawa, basi kila kaunti ijisafishie kwake." Hii ndio inatuumiza zaidi. Ukitoka Githurai 44 uingie 45 umeshatoka Nairobi uko Kiambu, na kusema kweli hakuna chenye kimebadilika, ni vibanda vile vile, matope yale yale, mama mboga anatoa nyanya upande huu anauzia upande ule na maganda yanabaki penye yameangukia. Sasa kanjo wa huku wakifanya msako, anayetupa taka usiku anavuka tu anatupa ng'ambo, juu askari wa kaunti moja hana mamlaka kwa nyingine. Nairobi inaweza kupitisha sheria kali namna gani, kama Kiambu haina sheria inayofanana nayo na watu wa kuisimamia siku hiyo hiyo, rundo linahama tu. Hali ni hiyo hiyo Uthiru, mpakani na Kiambu, na ukishuka Rongai upande wa Kajiado, na kule Mlolongo upande wa Machakos.

Halafu angalia mto. Mto Nairobi unaanzia Kikuyu, kwa kinamasi cha Ondiri, hiyo ni Kiambu. Unashuka Museum Hill, Gikomba, Korogocho, unapita kando ya dampo ya Dandora, halafu unaingia Mto Athi unaenda zake Machakos na Makueni, mpaka unaitwa Sabaki na kumwaga baharini karibu na Malindi. Mtu wa Machakos anayemwagilia sukuma na hayo maji hajawahi kumpigia kura gavana wa Nairobi hata siku moja, lakini uchafu wetu uko kwa shamba lake. Na sisi pia tunategemea wengine, maji mengi ya mfereji tunayotumia hapa yanatoka Ndakaini, Murang'a.

Kuna wenye wataniambia magonjwa ni tofauti, eti bwana afya wa kila kaunti anajua watu wake. Kumbuka kipindupindu cha Oktoba 2022. Wizara ya Afya iliunganisha mlipuko na sherehe ya harusi huko Limuru, na punde si punde wagonjwa walikuwa wamepatikana Nairobi, Murang'a, Kajiado, Nakuru na Uasin Gishu. Ni kawaida, watu wanakula pamoja Jumamosi, Jumapili kila mtu anapanda matatu anarudi kwake, na kipindupindu kinaweza kukupata baada ya saa chache au baada ya siku 5 hivi. Sasa kama bwana afya wa Kiambu ako na orodha ya waliokula hapo na hana njia ya haraka ya kumfikishia mwenzake wa Embakasi, hiyo orodha inasaidia nani? Mimi naona hapa ndio ushirikiano unaokoa maisha kabisa, simu moja, fomu moja, maabara zinazosomeana majibu.

Na si ati haiwezekani. Angalia nyama. Ng'ombe na mbuzi wengi tunaokula Nairobi wanachinjwa nje ya kaunti, Kiserian kwa mfano, hiyo ni Kajiado. Mkaguzi wa kule anaangalia mzoga, anapiga muhuri wa rangi kwa ngozi ya mafuta pale pajani, nyama inaingia kwa sanduku lililofungwa, na mnunuzi akiwa soko la nyama la Burma, Nairobi, anaangalia muhuri kwanza ndio aulize bei. Sheria ya kudhibiti nyama ni ya nchi nzima, kwa hivyo mkaguzi wa kaunti moja anafanya kazi inayolinda tumbo la mtu wa kaunti nyingine.

Nyingine: "Dandora imejaa, si wapeleke tu taka kwingine." Ni kweli imejaa, ilitangazwa imejaa tangu 2001, na mwaka 2021 mahakama iliamuru ihamishwe. Lakini "kwingine" ni wapi? Ruai ilipopendekezwa wahusika wa usafiri wa ndege walikataa juu dampo inavuta korongo na ndege wengine wakubwa, na uwanja wa ndege wa JKIA uko karibu, korongo akiingia kwa injini ya eropleni ni maafa. Ukipeleka kaunti jirani unahitaji makubaliano na kaunti hiyo, ripoti ya athari kwa mazingira, leseni, na wenyeji wasikizwe, na hao wenyeji wako na haki ya kuuliza wanapata nini zaidi ya harufu. Tena zaidi ya nusu ya taka yetu ni mabaki ya chakula na mboga, kitu inaweza kuwa mbolea kabla hata ya kupanda lori. Sheria ya taka ya 2022 inatutaka tutenganishe inayooza na ile kavu, lakini ukitenganisha nyumbani halafu vijana wa taka wachanganye kwa mkokoteni juu hakuna penye inayooza inapelekwa, umefanya kazi bure. Kiwanda cha mbolea kikitumiwa na kaunti mbili tatu pamoja kinapata mzigo wa kutosha kila siku na gharama inagawanywa.

"Gavana akishirikiana na kaunti zingine amenyang'anywa kazi." Watu wanachanganya na ile ya 2020, Nairobi ilipohamishia serikali kuu baadhi ya kazi zake na NMS (Nairobi Metropolitan Services, ofisi ya serikali kuu ya kuzifanya) ikaundwa. Hiyo ni kifungu cha 187 cha katiba, kuhamisha, na hata hapo katiba inasema jukumu linabaki kwa aliyepewa kwanza. Kushirikiana ni kifungu cha 189, serikali zinaunda kamati ya pamoja au mamlaka ya pamoja na kila mtu anabaki na kiti chake.

Ya mwisho ni ile ya "sisi wananchi tutafanya nini sasa." Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini kwa ajili ya haki ya mazingira safi, na huhitaji kuthibitisha kwamba kuna mtu ameumia au amepata hasara. Mtu wa Githurai 45 anaweza kushtaki kuhusu moshi wa taka inayochomwa upande wa 44, na wa 44 vile vile.