Kitanda Kimoja, Watu Wawili, na Hakuna Laana ya Kuvunja

Kazi yangu ni kuhariri riwaya za fantasia za mapenzi, na kuna sura moja ambayo huijua kabla sijaifungua. Wasafiri wawili wamelowa chapachapa, nyumba ya wageni imebakiwa na chumba kimoja, na chumbani mna kitanda kimoja. Msomaji hahitaji kuambiwa zaidi. Sasa tuseme mmoja wa hao wasafiri ni aseksuali. Hapo ndipo miswada mingi hukwama.

Aseksuali ni mtu asiyevutiwa kingono na watu wengine. Si mseja, maana mseja ameamua kutofanya jambo, awe na hamu nalo au asiwe nayo. Si mwoga wa kupenda pia. Kiswahili kinatusaidia sana hapa, kwa kuwa hakijaweka kila kitu kwenye chungu kimoja: tuna upendo, tuna huba, tuna mahaba, tuna ashiki. Mtu anaweza kufurika huba, akakosa usingizi kwa kumuwaza mwenzake, na ashiki isiwepo kabisa. Wapo pia wasio na mvuto wa kimahaba, na hao si lazima wawe aseksuali. Mwaka 2004 mtafiti Anthony Bogaert wa Kanada alichambua majibu ya watu zaidi ya 18,000 wa Uingereza, na takriban asilimia 1 walisema hawajawahi kuvutiwa kingono na mtu yeyote. Kwa hiyo tukijaza jeshi la watu elfu kumi katika riwaya, kina huyu wamo ndani, wamebeba mikuki kama wengine.

Tatizo la fantasia ni kwamba kila kitu kinaweza kupewa sababu ya kichawi. Mhusika hatamani mtu? Basi ni jini, au ni mfu aliyefufuliwa, au ana karne saba na amechoka na dunia. Mwandishi mmoja aliniletea mswada mzuri mno wa malkia ambaye moyo wake ulifungiwa ndani ya chupa tangu utotoni. Kurasa mia tatu anampenda mlinzi wake kwa namna yake: anakariri hatua zake kwenye ngazi, anamwekea kiti karibu na moto, anampa siri za ufalme. Sura ya mwisho chupa inavunjwa, moyo unarudi kifuani, na papo hapo mwili wake unawaka tamaa. Nilisikitika kweli. Kurasa zote zile za mapenzi ziligeuzwa kuwa dalili za ugonjwa uliokuwa ukingoja dawa. Pembeni niliandika: "Kwa nini asirudishiwe moyo na akabaki vilevile?" Nisomapo mswada wa aina hii, swali langu la kwanza ni hilo: uchawi ukiondoka, mhusika anabaki na nini?

Ubikira nao huleta mkanganyiko. Mnyama wa pembe moja anayemkaribia bikira tu, kisima kinachomtambua asiyeguswa: waandishi humkabidhi mhusika aseksuali kazi hizo kana kwamba ni haki yake ya kuzaliwa. Lakini kuna aseksuali walioolewa, wenye watoto, wanaofanya ngono kwa sababu zao na hata kuifurahia, na kuna wasiotaka hata kuisikia. Mvuto ni jambo moja na tendo ni jingine. Kisima kinachopima tendo hakijui lolote kuhusu mvuto.

Mhusika ninayeombwa ushauri juu yake mara nyingi zaidi ni demiseksuali, yaani yule ambaye mvuto wa kingono haumjii mpaka kwanza awe na ukaribu wa moyo na mtu. Waandishi wengi hudhani ni sawa na mapenzi yanayopikwa kwa moto mdogo. Sivyo. Katika moto mdogo tamaa ipo tangu sura ya pili, ila imebanwa na kiapo, na uadui, na tofauti ya damu. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika, na riwaya hizi huishi kwa kikohozi kinachozuiwa. Demiseksuali hana anachokizuia. Chukua shingo ya mpiga upinde, yenye mkwaruzo. Mhusika wa moto mdogo anaiona, anageuza macho upesi, anajilaumu. Demiseksuali anaiona na anafikiria kwamba mkwaruzo ule unahitaji dawa, kwa hiyo anauliza maji ya moto yako wapi. Miezi mingi ya safari ikishapita, shingo ileile, mkwaruzo umeshapona, na yeye anashangaa kwamba ameitazama muda mrefu kuliko inavyohitajika. Mshangao huo ndio hadithi. Ukimwonjesha tamaa mapema, umeupoteza.

Je, neno lenyewe, aseksuali, litajwe katika ulimwengu wenye mazimwi? Mimi nasema litajwe, au jambo lisemwe waziwazi kwa maneno ya ulimwengu huo. Mwandishi Seanan McGuire alilitaja katika kitabu chake cha fantasia Every Heart a Doorway, mwaka 2016: Nancy, msichana aliyerudi kutoka kuzimu, anasema mwenyewe kwamba ni aseksuali, na kwamba bado anaweza kumpenda mtu kimahaba. Kuzimu hakukumfanya hivyo. Na mwenza mwenye ashiki zake asiachwe bubu. Wape ukurasa mzima wa kuulizana nani anataka nini na nani hataki nini, mmoja asiwe mkombozi na mwingine asiwe mgonjwa.

Turudi kwenye kile kitanda. Mchawi wetu aseksuali anatembea na kinga ya uchawi, na kinga hiyo hushuka akisinzia. Kwa miaka kumi na miwili hajalala mbele ya mtu yeyote. Hukesha ameegemea mlango. Usiku huu anasimama katikati ya chumba, maji yakimdondoka kwenye pindo la joho. Mwenzake, bila kugeuka, anavuta meza na kuziba mlango nayo, anaweka upanga juu yake, halafu anasema, "Lala upande wa ukutani. Zamu ni yangu." Mchawi anavua viatu. Anahesabu pumzi za mwenzake hadi tisa. Ya kumi haisikii.